Daftari la mshauri nasaha: kwa nini miaka kazini haitoshi, na namna ya kuandika ili ujifunze

Fundi cherehani akikosea kipimo anajua mapema. Mteja anavaa shati, mkono unabana, analivua na kulirudisha palepale. Muuza supu akizidisha chumvi ataambiwa kabla bakuli halijaisha. Sasa mfikirie mtu anayefanya tiba ya mazungumzo: mshauri nasaha, mwanasaikolojia tiba, au ofisa ustawi wa jamii anayekaa na watu chumbani na kuwasikiliza. Mteja anakuja mara nne, mara ya tano haji. Amepona? Amehama? Amekata tamaa? Au nauli imemshinda? Mara nyingi hakuna anayempigia mshauri simu kumweleza. Shati limeondoka, na fundi hajui kama lilimkaa mwenyewe.

Makala hii inahusu jinsi mtu wa kazi ya namna hiyo anavyoweza kujijengea utaratibu wake wa kuandika na kujifunza. Nimewalenga hasa wanafunzi wa saikolojia, ustawi wa jamii na uuguzi. Lakini hata kama wewe si wa fani hizo, usiondoke. Ipo siku unaweza kukaa kwenye kile kiti kingine, cha mteja, na hapo itakuhusu sana kujua kama aliye mbele yako anajifunza au anazeeka tu kazini.

Hoja yangu ni moja, na naisema mapema: daftari la kujifunzia la mshauri si la kuandika habari za mteja. Ni la kuandika makisio ya mshauri mwenyewe, kabla hajajua matokeo, ili baadaye ajipime nayo. Mengine yote yanafuata hapo.

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Na kujifunza je?

Tunaamini kwamba mtu aliyekaa miaka 15 kwenye kazi lazima awe bora kuliko aliyeanza jana. Kwa kazi nyingi ni kweli. Kwa tiba ya mazungumzo, ushahidi unasema taratibu kwanza.

Mwaka 2016, Simon Goldberg na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia wataalamu 170 wa tiba ya mazungumzo nchini Marekani, waliokuwa wamehudumia wateja zaidi ya 6,500. Baadhi ya wataalamu hao walikuwa na kumbukumbu za matokeo za hadi miaka 18. Swali lilikuwa rahisi: kadiri mtaalamu anavyokaa kazini, wateja wake wanapata nafuu zaidi? Jibu: kwa wastani, hapana. Matokeo hayakupanda, yalishuka, ingawa kwa kiasi kidogo sana. Tuelewane hapa. Utafiti haukusema tiba haifanyi kazi, kwa maana wateja wengi walipata nafuu. Na wapo wataalamu waliopanda kweli. Ilichoonyesha ni kwamba miaka peke yake haimpandishi mtu.

Na je, wataalamu wenyewe wanalijua hilo? Mwaka 2012, Steven Walfish na wenzake waliwaomba wataalamu 129 wa afya ya akili wajilinganishe na wenzao wa kazi ileile. Robo yao walijiweka kwenye ile asilimia 10 ya juu kabisa. Waliojiweka chini ya wastani: hakuna hata mmoja. Hebu fikiria darasa zima ambalo kila mwanafunzi anasema yuko juu ya wastani. Mwalimu wa hesabu atacheka.

Lakini utafiti unaoniuma zaidi ni wa mwaka 2005, wa Corinne Hannan, Michael Lambert na wenzao. Washauri waliulizwa, kwa kila mteja, kama wanaona ataishia kuwa na hali mbaya kuliko alivyokuja. Waliambiwa kabisa kwamba kwa kawaida takriban asilimia 8 ya wateja huishia hivyo. Wateja walikuwa 550. Waliozidiwa kweli mwishoni walikuwa 40. Washauri waliwataja wangapi? Watatu. Na kati ya hao watatu, aliyekuwamo kwenye wale 40 ni mmoja tu.

Yaani watu 39 walikuwa wanazama mbele ya macho ya mtu aliyesomea kuwaona, na hakuwaona. Ndiyo maana nasema suala la daftari si suala la mpangilio mzuri wa kazi tu.

Kwa nini hatujioni?

Mwaka 2009, Daniel Kahneman na Gary Klein, wanasaikolojia wawili waliokuwa na misimamo tofauti kuhusu hisia za mtaalamu, waliandika makala kwa pamoja. Walikubaliana kwamba hisia za mtaalamu zinaaminika yakiwepo mambo mawili: mazingira ya kazi yawe na mpangilio unaojirudia, na mtu apate majibu ya wazi na ya haraka kuhusu alichoamua. Mcheza sataranji anayapata yote mawili. Zimamoto anayapata kwa kiasi kikubwa. Mshauri hupata la kwanza kidogo, na la pili karibu halipati kabisa.

Kisha kuna kumbukumbu yenyewe, ambayo inapenda kutupendelea. Mwaka 1972, Rais Richard Nixon wa Marekani alikuwa anajiandaa kwenda Beijing na Moscow. Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwaomba wanafunzi wakisie: je, Nixon ataonana na Mao? Je, nchi hizi mbili zitakubaliana jambo fulani? Waandike uwezekano kwa asilimia. Baada ya safari, wanafunzi waliombwa wakumbuke walikuwa wameandika asilimia ngapi. Kwa mambo yaliyotokea, wengi walikumbuka namba kubwa kuliko walizoandika. Bila kudanganya kwa makusudi, walijiona walijua tangu mwanzo.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1975, lakini tabia yenyewe unaikuta kila kijiwe cha mpira. Baada ya mechi, kila mtu "alisema". Sasa mshauri ambaye mteja wake ameacha kuja atasema hivyohivyo: "Nilijua tu, hakuwa tayari." Mteja akipona: "Nilijua tu, nilimshika vizuri." Kwa njia hiyo kila linalotokea linamthibitisha, na hakuna linalomfundisha. Dawa yake ni ya zamani na ya bei nafuu: andika kabla.

Vitu vitatu, na visichanganywe

Mshauri mwangalifu anahitaji vitu vitatu tofauti.

*Cha kwanza ni jalada la mteja.* Hili ni la kituo, si lake. Linaandikwa kwa utaratibu wa kituo na wa sheria: tarehe, hali ya mteja, kilichofanyika, hatari zilizoonekana, mpango. Linakaa kituoni. Halirudi nyumbani kwenye mkoba.

*Cha pili ni daftari la makisio.* Hili ni la mshauri, na linamhusu mshauri.

*Cha tatu ni boksi la kadi.* Humo anaweka aliyoyasoma na ujuzi anaofanyia mazoezi, ili yasimpotee.

Wanafunzi wengi wana daftari moja lenye kila kitu: majina ya wateja, nukuu za mhadhara, namba ya simu ya msimamizi na orodha ya sokoni. Daftari hilo halimfundishi mwenyewe, kwa sababu hawezi kupata kitu ndani yake. Na likipotea, limeondoka na siri za watu.

Daftari la makisio linavyoandikwa

Kila mteja apewe alama isiyomtambulisha, na kila kisio liwe na mambo matano tu:

1. Nadhani kinachomsumbua kinaendeshwa na nini.
2. Nitafanya nini.
3. Natarajia nini, na ifikapo lini.
4. Nina uhakika kwa asilimia ngapi.
5. Nitajuaje kwamba nimekosea.

Hilo la tano ndilo gumu, na ndilo linalobeba kazi yote. "Ataendelea vizuri" si kisio, maana halina namna ya kushindwa. Ndiyo maana inasaidia kuwa na kipimo. Kipo kinachotumika sana kwa sonona, kinaitwa PHQ-9: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali lina alama 0 hadi 3, kwa hiyo jumla ni kati ya 0 na 27. Kimetafsiriwa kwa Kiswahili na kinatumika kwenye vituo na tafiti hapa Afrika Mashariki. Alama 10 na kuendelea huashiria sonona ya kiwango cha kati au zaidi, na mabadiliko ya alama 5 huhesabiwa kuwa ya maana. Angalizo muhimu: swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote lililo juu ya sifuri hapo linashughulikiwa siku hiyohiyo, ana kwa ana. Si jambo la kuandika daftarini na kusubiri.

Tuchukue mfano. Huu nimeutunga, si wa mtu yeyote. Mama anayeuza samaki anakuja kituoni. Halali, hali vizuri, ameacha kuonana na watu. PHQ-9 yake ni 16. Mshauri anaandika:

"Nadhani kujifungia ndani ndiko kunakoendeleza sonona. Tutapanga arudi sokoni taratibu, siku mbili kwa wiki, na amtembelee dada yake. Natarajia alama zishuke hadi 11 au chini ifikapo kikao cha nne. Uhakika asilimia 70. Nitajua nimekosea kama alama hazijashuka hata 3, au akiacha kuja."

Kikao cha nne kinafika. Alama ni 15. Bila daftari, mshauri huyu angeweza kujifariji kirahisi: "Anaongea zaidi sasa, anatabasamu, tunaenda vizuri." Lakini maandishi yake mwenyewe yanamkodolea macho. Kwa hiyo anauliza: "Mama, tulipanga urudi sokoni. Kule sokoni kukoje?" Hapo ndipo linatoka ambalo halikusemwa vikao vitatu vyote: ana mkopo wa kausha damu, na wanaomdai wanamsubiri palepale sokoni. Kazi aliyopewa na mshauri ilikuwa inampeleka kila wiki kwa watu anaowakimbia.

Mshauri anaandika mstari mmoja chini ya kisio lake: "Kabla ya kumpa mtu kazi ya kutoka nje, uliza huko nje kuna nini." Sentensi hiyo haina habari za yule mama, lakini itamsaidia mteja mwingine, mwaka kesho.

Umeona tofauti? Kisio halikuwa sahihi, na faida imetoka hapohapo. Lingekuwa kichwani tu, lingebadilika kimyakimya lifanane na kilichotokea.

Baada ya makisio 20 au 30, fanya hesabu. Kusanya yale yote uliyoandika "asilimia 70". Kati ya kila kumi, saba hivi yalipaswa kutimia. Yakitimia manne tu, unajiamini kupita kiasi. Angalia pia yanaanguka wapi: kwa vijana? Kwa wanandoa? Kwa wanaume wasiopenda kuongea? Hapo umepata ramani ya nini ukasome, badala ya kusoma chochote kinachopita.

Je, kuna ushahidi kwamba kujipima hivi kunasaidia? Kuhusu daftari lenyewe kama nilivyolieleza, sitakuuzia ahadi. Lakini msingi wake umepimwa. Lambert na wenzake walionyesha kwamba mshauri akipewa majibu ya vipimo vya mteja kikao kwa kikao, pamoja na tahadhari mteja anapokwenda kombo, wale waliokuwa wanaelekea kubaya huishia wakiwa na hali bora kuliko ambao mshauri wao hakupewa kitu. Na mwaka huohuo wa 2016, Goldberg na wenzake walichapisha utafiti mwingine kuhusu kituo kimoja cha ushauri cha mjini Calgary, Kanada, ambacho kiliamua vipimo viwe sehemu ya kazi na washauri wajadili matokeo yao waziwazi. Humo, kwa miaka 7, matokeo ya washauri yalipanda badala ya kushuka. Kwa kiasi kidogo, lakini yalipanda.

Boksi la kadi: usisome tena, jiulize

Mshauri anasoma vitu vingi: dalili, dawa ambazo mteja anaweza kuwa anatumia, hatua za kumsaidia mtu mwenye mshtuko wa hofu, maswali ya kuuliza kuhusu kujiua. Akimaliza chuo, vinaanza kuyeyuka.

Kuyeyuka huko kulipimwa zamani. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Alipima ni juhudi kiasi gani anaiokoa akijifunza tena orodha aliyokwisha kuijua. Baada ya siku moja tu, alikuwa anaokoa kama theluthi moja. Baada ya mwezi, kama moja ya tano. Kusahau kunakwenda mbio mwanzoni, kisha kunapunguza mwendo. Jaribio hilo limerudiwa na watafiti wengine mwaka 2015, na mstari wake ukatoka karibu vilevile.

Sasa dawa. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Kundi moja lilisoma mara nne. Kundi lingine lilisoma mara moja, kisha mara tatu likajaribu kukumbuka kwenye karatasi tupu bila kuangalia. Baada ya dakika 5, waliosoma mara nne walikumbuka zaidi: asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40, waliojijaribu asilimia 61. Kumbe ile raha ya kusoma tena na kuhisi "naam, hili nalijua" ndiyo inayotudanganya.

Kwa hiyo kadi yako iwe na swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Kutunza kadi ni kazi nyepesi. Sebastian Leitner, mwandishi wa Kijerumani, alieleza njia yake kwenye kitabu cha mwaka 1972: boksi lenye vyumba vitano. Kadi mpya inaingia chumba cha kwanza, ambacho unakipitia kila siku. Ukijibu sawa, inasonga chumba cha pili, kinachopitiwa baada ya siku kadhaa. Ukisonga zaidi, muda unarefuka. Ukikosea, inarudi chumba cha kwanza, bila huruma. Boksi la viatu na vipande vinne vya kadibodi vinatosha. Ukipenda simu, programu ya Anki inafanya kazi hiyohiyo na inakuhesabia siku.

Kwa mshauri, kadi za ukweli wa kitabuni hazitoshi. Weka pia kadi za hali. Mfano: "Mteja anasema 'niko sawa tu' huku anafuta machozi. Utamwambia nini?" Jibu kwa sauti, si kichwani. Ulimi nao unahitaji mazoezi. Na ile sentensi ya sokoni uliyoitoa kwenye daftari la makisio, igeuze iwe kadi: "Nimuulize nini mtu kabla ya kumpa kazi ya kutoka nje?" Hivi ndivyo vitu viwili vinavyoshikana: daftari linagundua pengo, boksi linahakikisha pengo halirudi.

Kila kadi ibebe jambo moja tu. Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani (1927–1998), aliacha kadi zipatazo 90,000, kila moja ikiwa na namba yake na kuonyesha namba za kadi zinazohusiana nayo. Huna haja ya kufika huko. Chukua kanuni yake tu: jambo moja kwa kadi, na andika inakaa jirani na kadi ipi.

Andika kwa lugha aliyoongea mteja

Hapa kuna jambo letu wenyewe. Wengi tunasomeshwa saikolojia kwa Kiingereza, kisha tunaonana na wateja kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, Kihaya au Kidigo. Mteja anasema "roho inaniuma", "kichwa kinawaka moto", "nina mawazo sana", "mwili hauna nguvu". Mkono wa mshauri unatafsiri palepale na kuandika neno moja la kitabuni. Zikipita wiki sita, misemo minne tofauti imekuwa kitu kimoja.

Lakini je, ilikuwa kitu kimoja? "Nina mawazo" inaweza kuwa sonona, na inaweza kuwa ada ya shule haijalipwa. "Moyo unaenda mbio" inaweza kuwa hofu, na inaweza kuwa ugonjwa wa moyo unaohitaji daktari leo. Ukishatafsiri, umeshaamua, na umeamua bila kujua kwamba umeamua.

Kwa hiyo fungua ukurasa wa misemo. Andika msemo kama ulivyosemwa, bila aliyeusema, na pembeni andika ulidhani una maana gani, kisha ukajua una maana gani. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na kamusi ndogo ambayo hakuna chuo kitakupa. Hii nayo ni kazi ya makisio, ila kisio liko kwenye neno.

Siri ya mtu haihifadhiwi kwa nia njema

Ufini kulikuwa na kampuni kubwa ya tiba ya mazungumzo, Vastaamo. Oktoba 2020 ilijulikana kwamba kumbukumbu za wateja wake zilikuwa zimeibwa mtandaoni. Zilikuwa za watu takriban 33,000, zikiwemo zile walizoandika washauri kuhusu yaliyosemwa vikaoni. Mwizi alidai fedha kwa kampuni; alipokosa, akawageukia wateja mmojammoja: lipa, la sivyo dunia itasoma ulichomwambia mshauri wako. Kumbukumbu nyingi zilimwagwa. Kampuni ilifilisika mwaka 2021, na mwaka 2024 mwanaume mmoja alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka sita. Kifungo hicho hakikurudisha siri ya mtu hata mmoja.

Ile ilikuwa kampuni yenye kompyuta na wahandisi. Daftari lako liko kwenye mkoba, ndani ya daladala.

Kwa sheria, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Habari za afya ya mtu ni nyeti kwenye sheria zote mbili. Na usijifiche nyuma ya alama: kama wewe mwenyewe unaweza kuirudisha alama kwenye jina, bado unashika taarifa za mtu. Kwa hiyo:

- Jina, kijiji, shule, kanisa au msikiti havimo daftarini. Umri uwe wa makadirio.
- Kazi ya mtu isiandikwe kama inamtaja. Kwenye mfano wangu niliandika "anayeuza samaki" ili uelewe. Daftarini ingetosha "mama, biashara ndogo". Kwenye mji mdogo, "mwalimu mkuu wa kike" ni sawa na jina.
- Orodha inayounganisha alama na majina inabaki kituoni, chini ya kufuli, mbali na daftari.
- Usipige picha kurasa kwa simu. Simu nyingi hupandisha picha kwenye intaneti zenyewe.
- Msimamizi wako ajue kwamba daftari lipo na lina nini.

Kipimo changu ni hiki: mteja akiliokota daftari hilo njiani, jirani yake akalisoma, atamjua? Kama ndiyo, futa. Ukizingatia kwamba daftari linahusu makisio yako, utashangaa ni habari chache kiasi gani za mteja unazihitaji kweli.

Muda uko wapi?

Najua kituo chenye wateja kumi kwa siku hakina nafasi ya mapambo. Utaratibu mkubwa hufa ndani ya wiki mbili, kwa hiyo uwe mdogo. Dakika 3 baada ya kikao kwa kisio jipya, na si kwa kila mteja. Wawili kwa wiki wanatosha kuanzia. Dakika 10 asubuhi kwa kadi. Nusu saa Ijumaa kufungua makisio ambayo muda wake umefika na kuandika kilichotokea. Mara moja kwa mwezi, mpelekee msimamizi kisio lililoanguka vibaya kuliko yote, si lile lililokupendeza. Msimamizi akisikia habari njema tu, atabaki anakupongeza.

Ukitaka programu za kompyuta, zipo nyingi na ni nzuri. Ila nakusihi usitumie miezi miwili kuchagua programu. Kazi inafanywa na swali la tano: nitajuaje kwamba nimekosea? Swali hilo linaandikika kwenye daftari la mistari la dukani kwa jirani.

Na wewe usiye mshauri, ambaye pengine siku moja utakaa kwenye kiti cha mteja, ondoka na swali moja. Kwenye kikao cha kwanza au cha pili, muulize kwa heshima tu: "Tutajuaje kama hii inanisaidia, na tutaangalia lini?" Mshauri mzuri hatakasirika. Atashukuru, kisha mtapanga tarehe.